Mchezaji huru na mnada wa ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usajili wa besiboli

Shabiki aliyelelewa na soka akianza kufuatilia besiboli ya Marekani huwa anauliza maswali yaleyale, na si kosa lake. Maneno yanafanana, mkataba, wakala, usajili, lakini mambo yenyewe yanakwenda kwa utaratibu mwingine kabisa. Yapo hapa yale yanayorudi kila msimu wa usajili. Ukiona swali moja linakutuma kwa jingine, lifuate, kwa sababu hatutarudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Besiboli haina ada ya uhamisho kama soka?

Kwa namna tuliyoizoea, haina. Kwenye soka, Yanga wakimtaka mchezaji wa Azam mwenye mkataba, wanapeleka dau, klabu mbili zinaelewana, kisha mchezaji anakaa mezani kujadili mshahara wake. Kwenye ligi kuu ya Marekani, MLB, yenye timu 30 (29 za Marekani na moja ya Kanada, Toronto Blue Jays), mchezaji mwenye mkataba hubadilishwa na mchezaji mwenzake, au na kundi la chipukizi. Mkataba unahama naye kama ulivyo, mshahara uleule, muda uleule. Mara nyingi haulizwi anataka kwenda au la. Anaamka Boston, jioni anaambiwa apande ndege ya Texas.

Wanaoweza kukataa ni wachache: walioandikiwa kipengele hicho kwenye mkataba, na waliotimiza miaka 10 kwenye ligi kuu huku 5 ya mwisho wakiwa na timu hiyohiyo.

Fedha zile zinazotushangaza kwenye habari hutoka pale ambapo hakuna timu nyingine ya Marekani yenye haki juu ya mchezaji: ni huru, au anatoka ng'ambo. Wanafunzi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico wao hugawanywa kwa zamu kila Julai, kwenye kile kinachoitwa drafti, na hawachagui timu.

2. Mchezaji huru ni nani hasa?

Ni yule aliyetimiza miaka 6 ya utumishi kwenye ligi kuu na mkataba wake umeisha. Neno la kulishika ni utumishi. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 ndani ya kikosi cha ligi kuu, wakati msimu mzima una siku kama 187. Siku za kuuguza jeraha ukiwa kwenye orodha ya ligi kuu zinahesabiwa. Siku za ligi ndogo, zile za chini ambako timu hukuzia wachezaji wake, hazihesabiwi, hata ukikaa huko miaka minane.

Kabla ya kufika hapo kuna ngazi mbili. Miaka mitatu ya kwanza timu humlipa karibu inavyotaka, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kuanzia wa nne (wachache huwahi kidogo) mchezaji anaweza kupeleka mshahara wake kwa wasuluhishi. Yeye anaandika namba yake, timu inaandika yake, na wasuluhishi wanachagua moja kati ya hizo mbili. Hakuna kukutana katikati. Ndiyo maana kesi nyingi huisha kwa maelewano kabla ya kufika huko, maana kusikiliza mwajiri wako akieleza mbele ya watu kwa nini hustahili unachodai kunauma.

3. Kwa nini miaka 6? Nani aliamua?

Hapa pana historia, na bila kuijua mambo mengine yote yanaonekana ni ubabe wa matajiri tu.

Tangu 1879 timu zilikuwa na kipengele cha kubakiza mchezaji. Mkataba ukiisha, timu ilikuwa na haki ya kuuongeza mwaka mmoja, na zilikisoma kipengele hicho kana kwamba mwaka huo ungeweza kuongezwa tena na tena bila kikomo. Mchezaji alikuwa mali ya timu mpaka imuuze, imbadilishe au imfukuze.

Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimhamishia Curt Flood Philadelphia Phillies. Alikuwa amekaa St. Louis miaka 12. Mkesha wa Krismasi mwaka huo alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba haoni kuwa yeye ni kipande cha mali cha kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Alikwenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Alichopoteza ni miaka yake bora ya uwanjani. Kila mchezaji anayesaini mamia ya mamilioni leo anapita kwenye njia aliyoifyeka mtu huyu, na yeye hakuipita.

Ushindi ulikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1974 msuluhishi Peter Seitz alimpa uhuru mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) Catfish Hunter kwa sababu mwenye timu yake, Charlie Finley wa Oakland, alikiuka malipo yaliyomo kwenye mkataba. Hunter akaenda New York Yankees kwa zaidi ya dola milioni 3 kwa miaka 5, na wachezaji wote wakaona kwa macho yao soko lingewalipa kiasi gani. Kisha tarehe 23 Desemba 1975 Seitz akaamua kesi ya Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza mwaka huo bila kusaini mkataba mpya: mwaka wa kuongeza ni mmoja tu, ukiisha mchezaji yuko huru. Kwa kulinganisha, uamuzi wa Bosman uliowaweka huru wanasoka wa Ulaya ulitoka Desemba 1995, miaka 20 baadaye.

Miaka 6 ilipatikana mezani mwaka 1976. Finley alishauri wachezaji wote waachwe huru kila mwaka. Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, aliogopa wamiliki wenzake Finley wasije wakakubali, kwa kuwa soko likijaa watu bei inashuka. Hawakumsikiliza Finley. Kwa hiyo miaka 6 inawafaa pande zote mbili: timu inabaki na kijana wake, na wachezaji wachache wanaotoka kila mwaka wanapandisha bei ya wote.

4. Timu inaweza kuchezea hesabu ya siku?

Inaweza, na imefanyika. Mwaka 2015 Kris Bryant alikuwa chipukizi anayesubiriwa na Chicago nzima. Timu yake, Chicago Cubs, ilimwanzisha ligi ndogo na kumpandisha tarehe 17 Aprili. Msimu ulipoisha alikuwa na siku 171. Imepungua moja. Siku hiyo moja iliipa timu mwaka mzima zaidi kabla ya uhuru wake. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwamba timu haikuvunja sheria.

Makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya 2022 yaliziba sehemu ya tundu hili: chipukizi akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchezaji bora mpya wa ligi yake, anapewa mwaka kamili wa utumishi hata kama alipandishwa akiwa amechelewa.

## Soko la wachezaji huru

5. Mchezaji akishakuwa huru, nini kinafuata?

Fainali zikiisha, hupita siku 5 kabla hajaruhusiwa kusaini na timu nyingine. Baada ya hapo hakuna dirisha linalofungwa. Wengine wanamalizana Novemba, wengine Desemba wakati viongozi wa timu zote wanapokutana, wengine wanasubiri mpaka Machi mazoezi yameshaanza. Wakala ndiye anayeendesha mchezo: anapeleka takwimu, anapima nani ana shida ya mrushaji, anasubiri timu ya pili iingie ili ya kwanza ipandishe. Makubaliano ya mdomo hayatoshi mpaka vipimo vya daktari vipite, na mikataba mikubwa imewahi kuvunjika hapo.

6. Timu inayomwacha inaambulia nini?

Inaweza kuambulia nafasi ya kuchagua kwenye drafti, kwa sharti. Lazima kwanza imwekee mezani ofa ya mwaka mmoja yenye kiwango maalumu, ambacho ni wastani wa mishahara 125 ya juu kwenye ligi. Mwishoni mwa 2024 kilikuwa dola 21,050,000. Akikubali, anabaki. Akikataa na kusaini kwingine, timu mpya inapoteza nafasi fulani za drafti na timu ya zamani inafidiwa.

Mchezaji huwekewa ofa hii mara moja tu maishani, na lazima awe amekaa na timu hiyo msimu mzima. Aliyebadilishwa katikati ya msimu hawezi kuwekewa, ndiyo maana wengine huingia sokoni wakiwa wepesi zaidi kusajiliwa: timu mpya haipotezi nafasi ya drafti.

7. Kwa nini timu tajiri zisinunue kila mtu?

Hakuna kikomo cha mishahara, ila kuna kodi. Mwaka 2025 timu iliyopita dola milioni 241 kwa mishahara ililipa asilimia 20 ya kilichozidi, 30 ikiwa ni mwaka wa pili mfululizo, 50 ukiwa wa tatu, na nyongeza juu yake kwa wanaopita mbali. Baadhi ya wamiliki wanalipa bila kusita. Desemba 2024 New York Mets walimpa Juan Soto mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765.

Wamiliki waliwahi kujaribu njia ya giza. Kati ya 1985 na 1987 walikubaliana chini kwa chini wasigombanie wachezaji huru wa wenzao. Wasuluhishi waliwabaini, na mwaka 1990 wakakubali kulipa fidia ya dola milioni 280.

8. Ni kweli Shohei Ohtani analipwa dola milioni 2 tu kwa mwaka?

Ni kweli, kwa sasa. Mkataba wake na Los Angeles Dodgers wa Desemba 2023 ni dola milioni 700 kwa miaka 10. Kati ya milioni 70 za kila mwaka anachukua 2; zile 68 zinasubiri kulipwa kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Kwa kuwa pesa ya kesho haina thamani ya pesa ya leo, hesabu ya kodi (swali la 7) inauona mkataba huu kama milioni 46 hivi kwa mwaka, na Dodgers wanabaki na nafasi ya kusajili wengine.

Malipo ya baadaye si mageni. Bobby Bonilla hulipwa na Mets dola 1,193,248.20 kila tarehe 1 Julai, tangu 2011 mpaka 2035. Timu ilitaka aondoke mwaka 2000 huku ikiwa na deni lake la dola milioni 5.9, wakakubaliana lisubiri, kwa riba ya asilimia 8.

## Japani na Korea

9. Kwa nini nyota wa Japani asisaini tu na timu ya Marekani?

Kwa sababu ana timu, na ligi mbili zimekubaliana kuheshimiana. Ligi ya Japani, NPB, ina timu 12, na mchezaji wake huhitaji miaka 9 ya utumishi ili aondoke nchini akiwa huru kabisa. Kabla ya hapo njia ni moja: timu yake ikubali kumnadi kwa Wamarekani. Utaratibu huo huitwa postingi. Kuamua ni kwa timu, mchezaji anaomba tu. Kodai Senga aliiomba Fukuoka SoftBank Hawks kwa miaka kadhaa, wakakataa. Ikabidi atimize muda wake, na Desemba 2022 akaenda Mets akiwa huru, bila timu yake kupata hata senti.

10. Mnada huu ulianzaje?

Ulianza kwa sababu wachezaji walipata upenyo. Mwaka 1995 mrushaji Hideo Nomo, akisaidiwa na wakala Don Nomura, alitangaza kustaafu Kintetsu Buffaloes. Sheria ya Japani ilimzuia mstaafu kurudi timu nyingine ya Japani, haikusema lolote kuhusu Marekani. Nomo akajiunga na Dodgers na akawa mchezaji bora mpya wa ligi mwaka huohuo. Mwaka 1997 Chiba Lotte Marines waliwauzia San Diego Padres haki za Hideki Irabu. Yeye akasema Yankees au hakuna, na mwishowe akapelekwa Yankees. Baada ya vurugu hizo, Desemba 1998 ligi mbili zikaandikiana utaratibu.

11. Zabuni ya siri ilifanyaje kazi?

Timu ya Japani ilimtangaza mchezaji. Kila timu ya Marekani iliyomtaka ilipeleka namba moja, bila kujua wenzake wameandika nini. Namba kubwa kuliko zote ilinunua kitu kimoja tu: siku 30 za kuzungumza na mchezaji peke yako. Mkikubaliana, unailipa timu yake. Msipokubaliana, hulipi kitu.

Seattle Mariners walimpata Ichiro Suzuki mwaka 2000 kwa zabuni ya dola 13,125,000, na msimu wake wa kwanza akawa mchezaji bora mpya na mchezaji bora wa ligi kwa pamoja. Mwaka 2006 Boston Red Sox waliandika dola 51,111,111.11 kwa ajili ya Daisuke Matsuzaka wa Seibu Lions. Senti zile 11 pengine zinaonyesha jinsi mtu anavyoandika akiwa gizani, anaongeza kidogo akihofia kuna mwenzake aliyeandika milioni 51 kamili. Mkataba wa Matsuzaka mwenyewe ulikuwa milioni 52 kwa miaka 6: timu aliyoiacha ilipata karibu sawa na aliyekuwa anarusha mpira. Texas Rangers wakapita kidogo mwaka 2011 kwa Yu Darvish, dola 51,703,411.

Huo ndio ubaya wake, kwa maoni yangu. Mchezaji alikuwa na mnunuzi mmoja tu. Hakuwa na wa kumtishia naye.

12. Siku hizi inakwendaje?

Mwaka 2013 zabuni ya siri iliondolewa. Timu ya Japani ilitaja ada isiyozidi dola milioni 20, na kila timu iliyo tayari kuilipa iliruhusiwa kuzungumza na mchezaji. Ushindani ukahamia kwenye mshahara: Masahiro Tanaka alisaini Yankees Januari 2014 kwa dola milioni 155, miaka 7.

Tangu 2018 ada hufuata mkataba wenyewe. Timu ya Japani hupata asilimia 20 ya milioni 25 za kwanza, 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na 15 ya kinachozidi milioni 50. Mchukulie Yoshinobu Yamamoto, aliyesaini Dodgers Desemba 2023 kwa dola milioni 325, miaka 12. Milioni 25 za kwanza zinatoa 5. Zinazofuata zinatoa 4.375. Zilizobaki, 275, zinatoa 41.25. Jumla 50.625, na hizo ndizo Orix Buffaloes walizopata. Muda wa mazungumzo ni siku 45.

13. Ada hiyo hukatwa kwenye mshahara wa mchezaji?

Hapana. Timu ya Marekani inailipa juu ya mshahara, na haiingii kwenye hesabu ya kodi ya swali la 7.

14. Mbona Ohtani na Roki Sasaki walisaini kwa pesa kidogo mara ya kwanza?

Umri. Mchezaji wa ng'ambo aliye chini ya miaka 25, au mwenye misimu isiyofika 6 ya kulipwa, huhesabiwa pamoja na vijana wa swali la 17. Anapata bonasi ya kusaini kutoka kwenye mfuko wenye kikomo na mkataba wa ligi ndogo. Ohtani alisaini Los Angeles Angels Desemba 2017 akiwa na miaka 23, bonasi dola 2,315,000. Angesubiri miaka miwili angevuna mara nyingi zaidi. Hakutaka kusubiri.

Januari 2025 Sasaki, naye akiwa na miaka 23, alipata dola milioni 6.5 kutoka Dodgers. Kwa mikataba ya namna hii timu ya Japani hupata asilimia 25 ya bonasi, hivyo Chiba Lotte waliondoka na dola 1,625,000. Mlinganishe na Yamamoto hapo juu, utaelewa kwa nini timu nyingi huvuta miguu mpaka mchezaji afike 25.

15. Wasipokubaliana?

Mchezaji anarudi kwenye timu yake na kusubiri mwaka mwingine. Hisashi Iwakuma alinadiwa mwaka 2010, Oakland wakashinda zabuni, mazungumzo yakavunjika. Alirudi Rakuten msimu mmoja, kisha akasaini Seattle akiwa huru.

16. Korea wanafuata utaratibu huohuo?

Karibu sawa. Ligi ya KBO ina timu 10, huruhusu kunadiwa baada ya misimu 7, na asilimia za ada ni zilezile. Jung Hoo Lee alisaini San Francisco Giants Desemba 2023 kwa dola milioni 113, miaka 6. Tumia hesabu ya swali la 12 utapata dola 18,825,000 kwa timu yake.

## Vijana na kesi ngumu

17. Vijana wa Jamhuri ya Dominika wanasajiliwaje?

Hawamo kwenye drafti. Kijana anaweza kusaini akiwa na miaka 16, na dirisha lao hufunguliwa tarehe 15 Januari. Kila timu ina mfuko wa bonasi usiovukwa. Timu zote 30 zina akademi huko, zenye viwanja, mabweni na madarasa. Soto wa swali la 7 alisaini Washington Nationals mwaka 2015 kwa dola milioni 1.5.

Kabla ya akademi yupo mtu anayeitwa buskoni, kocha wa mtaani anayemlea kijana, kumlisha na kumfundisha, kisha kuchukua fungu la bonasi. Wapo wema. Lakini ahadi za mdomo hutolewa kwa watoto wa miaka 12 na 13, kinyume cha sheria, na timu ikibadili mawazo mtoto ameshaacha shule. Umri nao umedanganywa mara nyingi, na timu sasa huchunguza vyeti vya kuzaliwa. Mwaka 2022 ligi ilipendekeza drafti ya kimataifa. Chama cha wachezaji kilikataa masharti yake.

18. Na Wakuba?

Vikwazo vya Marekani haviruhusu timu kumlipa mchezaji anayeishi Kuba. Lazima atoroke, aweke makazi nchi nyingine, ndipo asaini. José Abreu alipata dola milioni 68 kutoka Chicago White Sox mwaka 2013, lakini wengi wamesafirishwa na wahalifu waliodai sehemu ya mikataba yao. Desemba 2018 ligi na shirikisho la Kuba waliafikiana njia halali, yenye ada kwa shirikisho. Aprili 2019 serikali ya Trump iliifuta kabla haijaanza kutumika ipasavyo.

19. Kijana wa Afrika Mashariki anaingilia mlango gani?

Uleule wa swali la 17. Uganda ndiyo imetangulia: timu ya watoto kutoka Lugazi ilicheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika, baada ya wenzao wa 2011 kunyimwa viza. Mwaka 2022 Dodgers walisaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Kwa anayeuliza ni lini mmoja wao atakuwa mchezaji huru, mtazame Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisaini Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alifika ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga mpira uliomfikisha salama kituo cha kwanza, dhidi ya mrushaji Jon Lester. Miaka yote ile ya katikati haikumpa hata siku moja ya utumishi. Hesabu yake ya 172 ilianza jioni hiyo.